Nyani Aliyechorwa kwa Mbele

Hapo zamani, si zile za kale bali za muhula uliopita, palikuwa na nchi ambayo jina lake silitaji, maana kamati ya kulitafuta bado inakunywa chai. Nchi hiyo ilikuwa na wimbo, bendera na nembo. Nembo yake ilikuwa nyani, kwa heshima ya wahenga waliosema kwamba nyani haoni kundule. Baada ya mjadala mrefu Bunge liliamua achorwe kwa mbele.

Mimi ni raia mtiifu wa nchi hiyo. Naitwa Sufiani, nasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni ambayo maharage yake yanasifika hadi ng'ambo ya mto, na yote nitakayosimulia nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe.

Mambo yalianza pale Serikali ilipogundua kuwa kila raia anazijua kasoro za jirani yake barabara, na zake mwenyewe hazijui hata kidogo. Mheshimiwa Dakta Lwitiko Pembamoto, Waziri wa Kasoro na Marekebisho, aliliambia Bunge kwamba hii ni hazina iliyolala.

"Waheshimiwa wenzangu," alisema, "elimu tunayo. Tatizo ni usambazaji."

Wabunge wakapiga meza mpaka moja ikavunjika, ikaundiwa tume.

Ndipo ukajengwa Ukumbi wa Ulinganisho. Uliwekwa katikati ya daraja, na kwa kuwa daraja ni hilo hilo moja nchi nzima, hakuna anayevuka mto bila kupita ndani yake. Kuingia ni bure na hakuna masharti. Kutoka kuna utaratibu. Unapanda jukwaani. Waliomo ukumbini wanaokujua wanataja kasoro yako kwa sauti. Kisha wewe unataja kasoro yako mwenyewe. Zikilingana, lango linafunguliwa, unakwenda zako. Zisipolingana, unarudi kwenye mkeka wako mpaka zamu yako nyingine.

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba jibu linatolewa kabla ya swali. Hiyo ni huruma ya Serikali. Wataalamu walihofia hata kwamba watu wangetoka kwa kishindo, wakaweka askari wanne wa kuzuia msongamano langoni. Mimi nilipowaona askari hao walikuwa wanacheza bao, na lango lilikuwa limejengewa viota na njiwa.

*

Niliingia ukumbini siku ya Alhamisi, nimefuatana na mwalimu wetu wa nidhamu, Mwalimu Shebe. Jumamosi yake, ng'ambo ya mto, Mwalimu Shebe alikuwa anamwoa dada yangu Mwatima. Kwa hiyo mtu aliyenichapa Jumatatu angekuwa shemeji yangu Jumamosi, na katika safari nzima wote wawili tulikuwa tunatafuta jinsi ya kuzungumza.

"Utashika nini siku ya harusi?" aliniuliza.

"Mama kaniambia nishike—"

"Vizuri. Utashika mwavuli."

Mama alikuwa amesema nishike kapu la zawadi. Lakini Mwalimu Shebe alikuwa mtu mwema sana, na kama watu wengi wema alikuwa na haraka ya kujibu.

Ndani tulikuta mikeka imetandikwa kutoka ukuta hadi ukuta, watu wanapika, watu wanasuka, watoto waliozaliwa humo humo wanakimbizana. Jirani yetu wa mkeka alikuwa mama mnene mwenye sauti tamu, Mama Nyamizi.

"Karibuni wanangu. Mimi nimo humu tangu wazindue," alisema. "Wanadai eti mimi mmbea. Mimi! Kasoro yangu ni huruma, basi, yaani nikisikia shida ya mtu silali mpaka nimemwambia mwenzangu. Yule pale mwenye kofia mnamwona? Mkewe alimkimbia. Wa pembeni yake ndiye aliyekimbiliwa. Mmekula lakini?"

Alitueleza habari za ukumbi mzima kabla uji haujapoa, na zote zilikuwa kweli.

Nilimuuliza kwa nini watu wasipatane tu kudanganya: mimi niseme wewe una huruma, wewe useme mimi nina bidii, sote tutoke. Mama Nyamizi alinitazama kwa masikitiko.

"Mwanangu, humu uji ni kwa kipimo, maji ni kwa kipimo, hata chumvi. Kutaja kasoro ya mwenzio ndicho chakula pekee kisichopimwa. Nani ataacha?"

Mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kutoka. Hata Mheshimiwa Waziri mwenyewe alikuwemo. Alikuja kuuzindua ukumbi, akakatia utepe kwa ndani, kwa sababu kwa ndani ndiko kulikokuwa na kamera. Ukumbi ukasema, "Anajisifu." Mheshimiwa akashika kifua.

"Kasoro yangu kubwa," alisema, "na naiungama hadharani, ni kuwapenda wananchi kupita kipimo."

Lango halikutikisika. Tangu hapo wizara imehamia ukumbini, na taarifa rasmi inasema Mheshimiwa yumo kwa ziara ya kikazi.

*

Zamu ya Mwalimu Shebe iliitwa Ijumaa asubuhi na Bwana Chepe, afisa wa jukwaa, mtu mfupi mwenye kengele kubwa. Kwa kuwa siku moja tu ilikuwa imepita, ukumbi mzima ulikuwa umekwisha kumjua mwalimu. Bwana Chepe akapiga kengele.

"Hasikilizi," ukumbi ulisema, kwa sauti moja, kama watu wanaoitikia dua.

"Ahsanteni," alisema Mwalimu Shebe. "Kasoro yangu ni kufanya kazi kupita kiasi."

Lango likabaki lilivyo. Njiwa mmoja alijigeuza kiotani.

"Mwalimu," nilimwambia alipokaa, "ilibidi useme husikilizi."

"Ndivyo nilivyosema. Nafanya kazi sana."

"Husikilizi, Mwalimu."

"Hata nyumbani, Sufiani. Mpaka usiku nasahihisha madaftari."

Bwana Chepe alikuwa mtu wa huruma, na aliposikia kuna harusi akampa zamu nyingine mchana ule ule. Ukumbi ukasema, "Hasikilizi." Mwalimu akasema kasoro yake ni kuwaamini watu mno. Alidhani wameikataa ile ya kwanza kwa sababu haikuwa na unyenyekevu wa kutosha. Bwana Chepe akamwandalia zamu ya tatu, Jumamosi asubuhi, saa chache kabla ya ndoa.

"Kesho nitawapa iliyo nzito zaidi," Mwalimu alisema. "Nitasema sijipendi."

Nilijaribu. Nawaapia kwamba nilijaribu, kwa mbali, nikiwa nyuma ya nguzo, nikikohoa neno "sikiliza" kila alipopita. Sikutaka kumwambia kwa nguvu mtu ambaye bado ni mwalimu wangu wa nidhamu mpaka kesho yake. Kila jambo lina adabu zake.

*

Sasa nafika kwenye tukio ambalo magazeti yote mawili ya nchi yetu yaliliita Hujuma ya Nembo. Ni gazeti moja, lakini hutoka mara mbili.

Nyuma ya jukwaa ilitundikwa nembo ya taifa, picha kubwa ya nyani kwa mbele, kifua mbele, macho yakitazama maendeleo. Ijumaa mchana ukumbi uliposinzia, mtu fulani aliigeuza picha ile ikaangalia ukutani, na kwenye mbao za nyuma akamchora nyani yule yule kwa chaki, kwa upande wa pili. Naweza kusema, kama mpenda sanaa asiyehusika, kwamba ilikuwa kazi nzuri. Kundu lenyewe lilipakwa chaki nyekundu. Mkia ulipinda kwa madaha kama mpini wa mwavuli.

Watu waliamka, wakatazama, na kwa dakika nzima ukumbi ule ulikuwa mahali pa furaha. Mama Nyamizi alicheka mpaka akashikiliwa. Hata askari waliacha bao.

Kisha Mheshimiwa Pembamoto akaamka pia.

"Hii," alisema, "ni mara ya kwanza katika historia ya taifa letu kwa nyani kuonekana huko." Alishika kifua. "Naunda tume. Mwenyekiti ni mimi. Wajumbe ni mimi. Tume imekwisha kaa na imegundua kwamba aliyechora alikuwa na chaki. Nani humu ana chaki?"

Watu wote mia kadhaa wakageuka kumtazama Mwalimu Shebe, ambaye mfuko wa shati lake ulikuwa na vipande vitano vya chaki, kimojawapo chekundu na kimeisha nusu. Mwalimu hulala na shati lake likiwa limetundikwa msumarini, kila mtu anaweza kulifikia, hilo tume haikuuliza.

"Chaki ni ya nani?" Mheshimiwa aliuliza.

"Ni yangu," Mwalimu alijibu, akidhani anasaidia uchunguzi.

Hukumu ilisomwa pale pale: Mwalimu Shebe hatapanda tena jukwaani mpaka mchoraji halisi ajitokeze, na kama mchoraji halisi ni yeye, basi kamwe. Zamu ya Jumamosi ikafutwa.

Mwalimu aliketi mkekani. Alitoa mfukoni kofia ya harusi, mpya, iliyodariziwa na mama yake, akaipulizia vumbi ambalo halikuwepo, akaikunja tena.

"Sufiani," alisema, "wewe huona mambo. Hukuona aliyechukua chaki?"

Huko shuleni tuna desturi nzuri iitwayo kutoona. Muhula wa pili, sabuni ilipopakwa kwenye ngazi za ofisi na makamu mkuu akashuka kwa mgongo, rafiki yangu Kasimbazi ndiye aliyesimamishwa shule kwa sababu alikutwa ananuka sabuni, ingawa alikuwa ametoka kuoga. Alikaa nyumbani mwezi mzima, na mimi nilimwandalia mapokezi makubwa aliporudi. Mtu hawezi kusema sikumjali.

"Nilikuwa nimelala, Mwalimu," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunikatiza, na ilikuwa ni kwa sababu sikuwa na la kuongeza.

*

Jumamosi saa nne asubuhi mlango wa kuingilia wa upande wa ng'ambo ulifunguka, akaingia dada yangu Mwatima. Alikuwa na hina mpaka viwikoni, nywele zimesukwa nusu, na nusu nyingine zimefungwa kitambaa, kwa sababu alikuwa amemwacha msusi katikati.

"Yuko wapi?"

Watu mia kadhaa wakanyoosha vidole.

"Mwatima," Mwalimu alisimama, "nimefanya kila njia, nimewaambia—"

"Kaa."

Akakaa.

"Nani mkubwa hapa?"

Mheshimiwa Waziri aliinuka na kuanza kueleza historia ya wizara. Dada alimpita akaenda kwa Bwana Chepe.

"Mimi natoka na huyu bwana, na yule mdogo wangu aliyejificha nyuma ya nguzo. Utaratibu ukoje?"

Bwana Chepe alimweleza, akiwa amesimama wima bila kujua kwa nini. Dada alipanda jukwaani. Wanaomjua tulikuwa wawili tu, na sauti yangu ilikuwa nzuri kwa sababu ilifunikwa na ya Mwalimu.

"Anaamrisha watu," tulisema.

Ukumbi ukajiandaa kwa starehe. Sasa angesema ana upole uliozidi, au anajali mno usafi.

"Naam, naamrisha watu," alisema Mwatima. "Mama kanambia, msusi kanambia leo hii asubuhi, na sasa nanyi. Ni kasoro. Fungua."

Lango likafunguka. Njiwa waliruka kwa vurugu, kiota kimoja kikaanguka, na upepo wa mto ukaingia ukumbini kwa mara ya kwanza tangu uzinduzi. Watu walijifunika nguo usoni. Mzee mmoja alisema hajawahi kuona mwanamke akijivua heshima mbele za watu namna ile, na akaomba asogezewe mkeka mbele kidogo.

Dada hakutoka. Alisimama kwenye kizingiti, mguu mmoja nje, mgongo wake ukishikilia lango.

"Shebe apande."

"Dada, yule anayo kesi ya nembo," alisema Bwana Chepe. "Mpaka mchoraji ajulikane."

Dada akaitazama picha iliyogeuzwa. Aliutazama mkia, ule uliopinda kama mpini wa mwavuli. Mkia huo ameufuta kwenye kuta za nyumba yetu tangu meno yangu ya mbele hayajaota. Macho yake yakatoka kwenye mkia, yakapita juu ya vichwa vya watu, yakaja mpaka kwenye nguzo, yakasimama hapo.

Nilimtabasamia.

Alingoja. Ukumbi mzima ulingoja bila kujua unangoja nini. Mimi nilijua, nikainama kufunga kamba ya kiatu, ambacho kilikuwa ndala.

"Haya," dada alisema mwishowe, taratibu. "Bwana Chepe, mpandishe. Mchoraji nitamshughulikia mimi."

Na Bwana Chepe akampandisha. Mheshimiwa alipinga kwa hotuba, lakini hotuba hiyo ilikuwa na utangulizi, na kabla hajaumaliza Mwalimu Shebe alikuwa juu ya jukwaa na kofia yake mkononi.

"Hasikilizi," ukumbi ulisema.

Mwalimu alifungua mdomo. Akamtazama Mwatima pale langoni, akisubiri amwambie la kusema, kwa kuwa kwa Mwatima maagizo hayakuwa haba. Dada alikaa kimya. Alimwangalia tu, mkono wake wenye hina ukiwa kwenye komeo. Kimya kikaendelea mpaka kikawa kirefu kuliko hotuba ya Mheshimiwa, na Mwalimu, ambaye siku zote huziba kimya kama mtu anayeziba bomba, hakupata cha kuzibia.

"Umesema nini?" aliuliza.

"Sijasema kitu, Shebe."

"Hapana. Siku zile. Ile siku ya posa, ulipokuwa unalia jikoni. Ulisema nini?"

"Nilisema nataka niendelee na kazi yangu. Ukanijibu kwamba pazia zitakuwa za kijani."

Mwalimu aliikunjua kofia, akaikunja tena.

"Na mimi nilidhani tumekubaliana," alisema.

"Tulikubaliana wewe na wewe."

Hakuna aliyecheka, hata Mama Nyamizi. Mwalimu akageukia ukumbi. Sauti ilimtoka ndogo, kama ya mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Sisikilizi," alisema. "Mimi ni mtu nisiyesikiliza."

Alitoka akipita katikati yetu, nami nikamfuata mpaka chini ya jukwaa, kwa sababu harufu ya pilau ilikuwa inavuka mto. Hapo Bwana Chepe akanizuia kwa kengele.

"Wewe bado."

*

Nilipanda bila wasiwasi. Kasoro yangu mimi naijua vizuri, kila mtu anaijua, hata imeandikwa kwenye ripoti yangu ya shule kwa wino mwekundu. Bwana Chepe akapiga kengele. Ukumbi ulisitasita, kwa kuwa nilikuwa nimeuchekesha sana na haukuwa na hakika. Sauti iliyosikika ilitoka langoni.

"Mwoga," alisema dada yangu.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema "chakula tayari".

Watu wakanitazama, wakaitazama picha, wakamtazama Mwalimu, wakanitazama tena. Niliona jambo likipita kutoka mkeka mmoja hadi mwingine, na lilipofika kwa Mama Nyamizi likaenea ukumbi mzima. "Mwoga," wakaitikia wote.

"Sufiani," dada alisema, "neno moja tu. Mama kakuwekea sahani."

Mwalimu alikuwa amesimama kando yake, nje, juani, kofia kichwani.

"Sema, Sufiani," alisema. "Nakusikiliza."

Na kweli alikuwa anasikiliza. Uso wake wote ulikuwa umetulia kwa namna ambayo sijawahi kuiona darasani. Hilo ndilo lililonichanganya. Mtu akikukatiza unapata pa kujificha.

Neno lilikuwepo, mdomoni, na halina uzito wowote, silabi chache tu. Lakini msomaji mwenye haki ataona kwamba lilikuwa si sahihi. Mtu mwoga hapaki sabuni kwenye ngazi za ofisi. Mtu mwoga hagusi nembo ya taifa. Nikavuta pumzi, nikapiga saluti, nikasema kwa sauti ya gwaride:

"Kasoro yangu ni utundu."

Ukumbi ulicheka sana. Nilikuwa bado nainamia makofi niliposikia komeo likirudi mahali pake.

*

Habari za tangu hapo ni njema. Tume ya pili ya Mheshimiwa imegundua kwamba wale wawili walitoka kwa udanganyifu, maana hakuna mtu timamu anayeweza kukiri kitu kama kile kwa hiari, na nembo imegeuzwa tena, nyani anatazama maendeleo. Kuhusu mchoraji, faili bado liko wazi.

Aidha, Serikali imepata suluhisho la kudumu la malalamiko ya waliomo ndani. Haitabomoa ukumbi. Itaupanua. Kuta zinasogezwa nje kidogo kidogo, pande zote mbili za mto, na zitakapofika mipakani nchi nzima itakuwa ndani, na hapo, alisema Mheshimiwa kwa machozi, hakuna raia atakayeitwa mfungwa tena, kwa kuwa hakutakuwa na nje. Mafundi wanafanya kazi vizuri. Ukuta umekwisha kuumeza uwanja wa mpira na nusu ya soko. Kwa mwendo huu utafika nyumbani kwetu kabla sijamaliza kidato cha nne, jiko la mama litakuwa humu ndani, na mimi nitakuwa nimefika nyumbani bila kutamka lolote. Wenye haraka ndio wanaohitaji kusema.

Humu si pabaya. Kuna kengele, kuna maharage, kuna zamu, hata nasahau kama nilishatoka bweni. Kila siku napanda jukwaani, naambiwa, natoa jibu langu, watu wanacheka. Siku hizi wanacheka kidogo kuliko zamani, lakini nadhani ni joto.

Ijumaa shemeji huja na bakuli la pilau, hukaa upande wa pili wa dirisha la nondo. Zamani angenipa mawaidha mpaka chakula kipoe. Sasa ameingiwa na tabia mbaya ya kunyamaza. Ananipa bakuli, anakaa, ananitazama.

Ijumaa iliyopita nilikaribia kumwambia. Nilishika nondo, nikaanza, "Shemeji, ile chaki…" Kisha nikakumbuka mzaha mmoja wa nyani na mpiga picha, mzaha bora kuliko yote niliyowahi kutunga, nikamsimulia huo badala yake, kwa sauti zote na kwa vitendo.

Alinisikiliza mpaka mwisho.